Skrini Haihami Chumbani Kwangu

Watu wakisikia bibi kizee ana kompyuta, wanadhani anaangalia mahubiri. Mimi siwakatazi. Wakipita dirishani kwangu wakasikia injini inaunguruma, nawaambia jirani kanunua mashine ya kusaga.

Ukweli ni kwamba naendesha lori. Ni lori la kwenye gemu, lakini lina kila kitu: honi, vioo, trela refu nyuma, na mizigo ya kupeleka mbali, leo mbao, kesho saruji, siku nyingine ng'ombe. Marehemu mume wangu alikuwa dereva wa malori ya kweli, na miaka yote ya ndoa yetu hakuniachia usukani hata wa kusogeza gari uani. Alisema nitapanda nalo ukutani. Sasa yeye amepumzika, mimi ndiye niko barabarani, na ukutani nimepanda mara chache tu, tena nilichokozwa.

Siendeshi peke yangu. Kila Jumamosi mchana tunakuwa wawili, mimi na shoga yangu Mkunga. Alizalisha nusu ya watu wa mji huu, wakiwemo wanangu wote, na mpaka leo akikutana na mtu mzima mwenye tai anamwambia alivyotoka kichwa kimechongoka. Sasa miguu imemgomea. Anaishi ghorofani, ng'ambo ya pili ya mji, na ngazi za kwake zimenishinda mimi, kama zinavyomshinda yeye. Kwa hiyo tunakutana barabarani. Kila mtu kwake, hedifoni kichwani, lori lake mbele, langu nyuma, tunasengenya watu mpaka mzigo unafika. Hatuna njia nyingine ya kutembeleana.

Shida ilianzia machoni. Skrini yangu ya zamani ilikuwa ndogo kama kioo cha kunyolea ndevu, na vibao vya barabarani nikawa sivioni. Siku moja nilipeleka ng'ombe mji ambao haukuwaagiza. Mkunga akakaa kwenye kituo cha mafuta ananingoja mpaka akasinzia, nikamsikia anakoroma masikioni mwangu.

Kitinda mimba wangu, anayefanya kazi mji mwingine kwenye ofisi ya kuchora matangazo, akasikia habari hiyo akacheka mpaka akakata simu. Kisha akaniletea skrini. Lilipofunguliwa boksi, jirani aliuliza kama tumenunua meza. Ilikuwa pana, nyeusi, imepinda kidogo kama inataka kukukumbatia. Nikaivika kompyuta yangu, nikaketi, nikavuta pumzi, nikawasha lori.

Mama yangu! Picha ilikuwa nzuri kiasi kwamba niliona nyasi mojamoja. Lakini haikwenda. Lori liliruka kama chura, likasimama, likaruka tena. Nikikata kushoto, lenyewe linatafakari kwanza. Kabla halijamaliza kutafakari nilikuwa nimeingia ndani ya trela la Mkunga.

"Shoga," alisema, "umekunywa nini leo?"

"Chai."

"Basi kesho kunywa maji. Umenimwagia mbao zote."

Wakati huo kompyuta ilikuwa sebuleni, na nyuma ya kiti changu alikuwa amesimama mkwe wangu, mume wa binti yangu wa kwanza. Nyumba zetu zinatazamana. Yeye anauza magodoro, kazi ambayo mtu akisinzia dukani anaonekana anafanya maonyesho, na nguvu zote anazoziokoa huko anazimalizia kwenye gemu la mpira. Ana mashine yake ya kifahari inayowaka taa za rangirangi kama gari la wagonjwa. Alikuwa ameweka mikono nyuma, kichwa ameinamisha, sura ya daktari anayetafuta namna ya kuwaambia wafiwa.

"Aa, mama," alisema kwa huruma. "Hii skrini ni kubwa mno kwa mashine yako."

Mdomo ulikuwa na huruma. Macho yalikuwa yanapima skrini, kutoka pembe hii mpaka pembe ile.

Jioni hiyo hiyo akampigia simu kitinda mimba wangu, wakazungumza kishemeji, na hukumu ikanifikia ikiwa imeshapikwa na kupakuliwa. "Mama, nakuja mwisho wa mwezi. Kama bado itakuwa inaruka, tumpe shemeji, mashine yake inaiweza. Wewe nitakutafutia nyingine ndogo."

Ndogo! Nikavaa hedifoni nikamwambia Mkunga. Yeye hana maneno ya kubembeleza, miaka mingi amewaambia watu sukuma, basi.

"Ukirudi kwenye kile kioo chako," alisema, "mimi sitoki tena na wewe. Nimechoka kuvutwa kwenye mtaro. Nitakaa dirishani nihesabu kunguru."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililoniuma. Nikajua skrini ikivuka ua kwenda kwa mkwe, Jumamosi zetu zimekwenda nayo.

Jambo la kwanza nililofanya lilikuwa kuhamisha kompyuta kutoka sebuleni kwenda chumbani kwangu, kando ya kitanda. Nilisema sebuleni kuna vumbi. Mkwe wangu alielewa, nikaona sikio lake linacheza. Mkwe haingii chumbani kwa mama mkwe wake. Hata nyumba ikiwaka moto atasimama nje ya pazia aulize kama kuna mtu. Na kwa kuwa tunaheshimiana sana, yeye hawezi kusema "naitaka skrini yako," nami siwezi kusema "ukome." Tulibaki kusalimiana kwa adabu iliyozidi kiwango.

Jambo la pili, nikamwita mjukuu wangu, binti yake, anayejifunza ususi. Tunamwita Kipini kwa sababu ya kipini cha puani ambacho baba yake alikikataza akakitia hivyo hivyo. Mimi namwita mke mwenzangu, naye ananijibu kwa dharau inayostahili.

"Mke mwenzangu," nikamwambia, "kaa hapa kitandani unieleze. Kwa nini skrini imekuwa kubwa na lori limekuwa chura?"

"Bibi, picha ni nukta. Skrini yako ya zamani ilikuwa na nukta kiasi. Hii ina nukta mara mbili kwa upana, na mara mbili kwa urefu."

Hapo hakuhitaji kuendelea. Nimeshona miaka mingi. Ukitarizi kitambaa cha meza, kisha mteja akataka chenye upana mara mbili na urefu mara mbili, hutumii uzi mara mbili. Unatumia mara nne, na vidole vinakufa mara nne. Mteja haelewi kamwe.

"Na nani anazitarizi hizo nukta?"

"Kadi ya grafiksi. Iko ndani ya kasha, ile yenye feni. Ya kwako ni ya zamani, bibi. Inatarizi, lakini ni mzee."

"Mzee ni wewe," nikasema. "Tunanunua nyingine."

Habari zikavuka ua kabla sijavaa viatu. Mkwe akaja, akasimama nje ya pazia, akakohoa kikohozi cha hodi.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Wote wawili tulijua hakaribii popote.

"Nimesikia unataka kadi. Mimi nikushauri kama mwanao. Kwa skrini ya namna hiyo inafaa moja tu, ile kubwa yenye feni tatu. Nyingine zote utapoteza hela. Sasa ile kubwa, mama, haitaingia kwenye kasha lako, ni ndefu. Itabidi kasha jipya. Na inakula umeme, itabidi na pawasaplai mpya ya kuilisha. Na ukishafika hapo, ubongo wa kompyuta nao utakuwa mdogo..."

"Kwa hiyo ninunue kompyuta nzima."

"Ndiyo hivyo, mama." Akahema. "Ni mzigo kwa mtu wa umri wako. Mimi ningekuwa wewe ningepumzika tu."

"Mungu akuzidishie, mwanangu, kwa kunifikiria," nikasema, na nyuma ya pazia nikamtolea ulimi. Kipini akaziba mdomo kwa mto.

Tukaenda kwa fundi kompyuta, mimi na Kipini. Kiduka chake kimejaa nyaya kama kichwa cha mtu aliyetoka kusukwa nusu. Nikamweleza skrini, nikamweleza lori. Akaweka kadi tatu mezani.

Ya kwanza ilikuwa ile kubwa ya mkwe. Niliishika kwa mikono miwili. Ilikuwa nzito kama mtoto wa miezi sita. Fundi akapima kasha langu kwa futi, akatikisa kichwa: kweli haiingii. Hapo mkwe hakudanganya, na nilisikitika kidogo.

Ya pili ilikuwa rahisi, ya mtumba. Feni zake zilikuwa na vumbi kwenye makunyanzi.

"Hii ilikuwa inafanya kazi gani?" nikauliza.

"Ilikuwa kwa jamaa mmoja anayetafuta sarafu za mtandaoni," fundi akasema, akiangalia pembeni.

"Ilikuwa inalala?"

"Hapana, mama. Usiku na mchana."

"Basi irudishe, ikalale."

Ya tatu ilikuwa ya kati, mpya, ya feni mbili. Inaingia kwenye kasha, pawasaplai yangu inaitosha. "Hii itakuendeshea lori lako," fundi alisema, "ila punguza vivuli na majani kwenye mipangilio. Na ina ujanja wake. Inachora picha ndogo kwanza, halafu inaikuza kwa akili, jicho halijui."

Nikapenda hiyo tabia. Lakini kwenye kioo cha duka kuna karatasi imeandikwa kwamba boksi likifunguliwa bidhaa hairudi, na fundi ni mfanyabiashara. Hata mimi nilipokuwa nashona, kila gauni lilimpendeza kila mteja. Nani angeniambia kweli kwamba ya kati inaitosha skrini ile?

Kipini alikuwa ameligeuza boksi, analisoma. Akatabasamu kwa upande mmoja.

"Bibi, hii ndiyo ya baba."

"Ya baba yako? Si alisema ya kati haifai?"

"Ndiyo hii hii. Boksi lake nilimfichia mimi juu ya kabati, mama asilione."

Nilikaa kwenye kiti cha fundi bila kukaribishwa. Mkwe wangu alikuwa amemwambia kitinda mimba kwamba mashine yake inaiweza skrini ile. Mimi akaniambia kadi ya kati haifai. Na kadi yake ni ya kati! Kujua mimi peke yangu hakutoshi. Nikiinunua bila yeye kukiri, siku kitinda mimba akija, mkwe atapata kasoro yoyote, atasema "si niliwaambia," na skrini itavuka ua. Ilibidi aseme kwa mdomo wake, mbele ya watu.

Jumapili nikawaita wote kwangu kwa chakula cha mchana. Nikampa mkwe kiti chenye mto na minofu iliyonona. Binti yangu, mkewe, aliketi mkabala naye. Huyo binti ana jicho la karani wa benki, na miezi yote hiyo alikuwa analilia friji jipya, kwa sababu lao linafungwa kwa kamba. Kila akilitaja, mkwe anamwambia hali ngumu, magodoro hayatoki.

Nilingoja mpaka mkwe ameshiba na kulegea. Kisha nikaweka simu mezani, kitinda mimba hewani, spika wazi.

"Mwanangu," nikaiambia simu, "shemeji yako amenisaidia mno kuhusu hii kadi. Sijui ningekuwa wapi bila yeye."

"Safi, shemeji!" ikasema simu.

"Wajibu wangu," akasema mkwe, akijifuta midomo.

"Hivi mkwe wangu, skrini ile ikiwekwa kwenye mashine yako, haitaruka?"

"Haiwezi, mama. Yangu itaiendesha kama maji."

"Alhamdulillahi. Na kadi iliyomo kwenye mashine yako ni ipi? Si ndiyo ile kubwa ya feni tatu? Kwa sababu umesema bila ile hakuna kitu. Kipini, ile tuliyoiona dukani ilikuwa bei gani vile?"

Kipini hakuwa na haraka. Akaitaja bei polepole, kama mtu anayesoma tangazo la msiba.

Binti yangu aliweka kijiko chini.

"Kadi gani ya bei hiyo?" akauliza. "Iko wapi? Nyumbani kwangu?"

Nilimwangalia mkwe wangu, na nakiri nilimwonea huruma kama mtu anavyomwonea huruma mjusi aliyebanwa na mlango ilhali mlango ameushika yeye. Akisema ni ile kubwa, friji litamlia mpaka kaburini. Akisema si kubwa, amekula maneno yake mbele ya shemeji. Alimeza mate. Alinywa maji. Akanywa na ya Kipini.

"Hapana, hapana," akasema mwisho, akimwangalia mkewe, si mimi. "Yangu ni ya kawaida tu. Ya kati. Ya feni mbili. Ilikuja na mashine."

Kipini akapaliwa na wali.

"Kumbe ya kati inaiendesha kama maji?" nikauliza kwa mshangao wa mtoto mchanga.

"Ee... ukipunguza vivuli, mama."

"Umesikia, mwanangu?" nikaiambia simu.

"Nimesikia, mama," ikasema simu, na ilikuwa inacheka.

Habari ya boksi juu ya kabati sikuigusa. Mtu amekupa ulichotaka, ya nini kumvua na shati?

Kesho yake nikainunua. Fundi akaitia kwenye kasha, nikaibeba mwenyewe mapajani mpaka nyumbani, kila gari likiruka shimo naikumbatia.

Kitinda mimba akafika Jumamosi mchana, saa ile ile ya msafara. Nilipanga hivyo makusudi, nimtoe macho, na kasha sikuliwasha kabla hajafika. Akaketi kitandani kwangu na begi lake bado begani. Kipini alikuwa sakafuni. Nje ya pazia kilisikika kiti kinaburutwa, mkwe alikuwa amekuja "kusalimia." Mkunga alikuwa hewani, ameshawasha injini.

Nyaya nilizichomeka mimi. Nilikataa kusaidiwa, maana siku ya sherehe bibi harusi hujipaka wanja mwenyewe. Nikawasha.

Lori likaruka kama chura.

Sikuamini. Nikalizima gemu nikaliwasha tena. Chura. Nikapunguza vivuli, nikapunguza majani, nikafyeka msitu mzima, barabara ikawa jangwa. Chura yule yule.

"Shoga," akasema Mkunga taratibu, "unaruka tena."

"Naona."

Kitinda mimba akanishika bega. "Mama, si kosa lako. Labda shemeji alikuwa..." Hakumaliza. Nilifikiria lile dirisha na wale kunguru.

Nje ya pazia kulikuwa kimya. Ninavyomjua mkwe wangu, alikuwa anatabasamu, na alikuwa na haki. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu. Angenyamaza kwa muda wa kunywa kikombe cha chai, skrini ingekuwa yake. Lakini huyu ni mtu ambaye hawezi kuona picha imepinda ukutani kwa watu bila kuinyoosha. Nikasikia kiti kinalia. Kinalia tena. Anajipindapinda, anajizuia, maskini. Mwisho akashindwa.

"Mama! Waya wa skrini umechomeka wapi? Juu au chini?"

"Kwenye tundu," nikasema.

"Tundu lipi? Nyuma ya kasha kuna la juu na la chini!"

Kipini akatambaa nyuma ya kasha. "La juu, baba."

"Aaah, jamani!" Lilikuwa yowe la mtu aliyekanyagwa kidonda. "La juu ni la kompyuta yenyewe! Kadi iko chini! Hamjaitumia kadi kabisa, imekaa humo kama mgeni! Chomoeni, wekeni chini! Chini, mama, chini!"

Kipini akachomoa, akachomeka chini.

Skrini ikawa nyeusi. Halafu barabara ikaja, ikateleza kama hariri inayotoka kwenye robota. Nikakata kushoto, lori likakata kushoto. Nikakata kulia, vilevile. Nikarudisha majani yote niliyoyafyeka, na bado likaenda. Vivuli niliviacha, sina shida na vivuli.

Nje ya pazia nikasikia mtu anajipiga kofi la paji la uso.

"Shemeji," kitinda mimba akaita, machozi ya kicheko yakimtoka, "asante! Bila wewe tungekuletea skrini hii leo hii!"

"Wajibu wangu," ikajibu sauti iliyokufa. Kiti kikaburutwa, na nyayo zikavuka ua polepole, kuelekea kwenye friji la kamba.

"Mwanangu!" nikamwita. "Mungu akupe maisha marefu!" Nilimaanisha kila neno.

Nikavaa hedifoni vizuri. Mkunga alikuwa mbele, mwendo wa harusi, ameniwashia taa za nyuma.

"Unaniona sasa?" akauliza.

"Nakuona mpaka namba. Nakuona mpaka tope kwenye tairi. Shoga, hilo trela huwa unaliosha lini?"

"Nyamaza wewe. Tuna mizigo, na safari ni ndefu. Haya, nimekusikia umezungukwa na watu huko, kulikuwa na nini? Anza mwanzo."

Nikapiga honi, nikatoka upande wa kulia, nikampita.

"Nifuate," nikamwambia, "nikusimulie."